Jinsi ya kupima dai la nyota kwenye mbao za Rapa Nui

Kila baada ya muda hujitokeza mtu akisema amezisoma alama za rongorongo, maandishi ambayo bado hayajafumbuliwa, yaliyochongwa kwenye mbao za kisiwa cha Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) katika Pasifiki, na mara nyingi husema zinahusu kuzuka kwa nyota. Mimi ni mpima ardhi mstaafu wa Tanga. Pembe na upeo wa macho ndivyo vilivyonilisha maisha yangu yote ya kazi, na jioni zangu sasa naziweka kwenye mbao hizi. Wazo la nyota nalipenda kwa dhati, maana Wapolinesia walivuka Pasifiki wakiongozwa nazo. Ndiyo sababu nataka lijaribiwe kwa ukali kabla halijaaminiwa.

Msingi ni michoro ya Thomas Barthel, Mjerumani aliyechapisha mkusanyo wake mwaka 1958. Kila ubao aliupa herufi na kila alama akaipa namba: 40 ni hilali, 8 ni umbo lenye miale, 700 ni samaki. Chapisha michoro hiyo kwenye karatasi, kwa sababu utahitaji kuigeuza. Msomaji wa zamani alianzia kona ya chini kushoto akaenda kulia, na kila alipomaliza mstari aliupindua ubao juu chini ndipo akaendelea na mstari wa pili. Ukisahau hilo utaona nyota "inazama" mahali ambapo mstari mzima umepinduliwa tu.

Halafu kaa na ubao wa Mamari, herufi C, hata kama hamu yako iko kwingine. Upande wake mmoja una mistari miwili na ushei ambayo Barthel aliitambua kuwa kalenda ya mwezi, na wataalamu wengi wanakubaliana naye. Chukua kalamu nyekundu uzungushie kila hilali. Pembeni weka majina ya siku za mwezi ambayo William Thomson, afisa wa jeshi la majini la Marekani, aliyaandika kisiwani mwaka 1886. Humo utakuta siku sita zinazoitwa kokore, zimehesabiwa moja hadi sita, na baada ya mwezi mpevu kokore nyingine tano. Linganisha mafungu hayo na hilali zako, taratibu, kidole kikipita juu ya kila moja.

Kwenye mwezi mpevu kuna alama namba 152. Jacques Guy, mtaalamu wa lugha, katika uchambuzi wake wa mwaka 1990, aliieleza kuwa ni bibi kizee wa mwezini anayewasha tanuri lake la ardhini. Sasa tazama samaki. Katika vifungu vinavyotangulia mwezi mpevu, samaki ameelekeza kichwa juu. Katika vile vinavyofuata, kichwa kimeelekea chini. Mwezi unakua, kisha unapungua, na mchongaji ameonyesha zamu hiyo kwa kumgeuza samaki mmoja. Kila ninapofika hapo nasimama kidogo. Dai lolote la nyota nalipima kwa kiwango hiki: je, kwenye mbao kuna kitu kinachobadilika palepale ambapo anga linabadilika?

Sasa geukia anga. Fungua Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha anga la mahali na tarehe yoyote, uweke nyuzi 27 kusini na 109 magharibi. Mwaka gani? Vipimo vya kaboni vilivyotolewa 2024 kwa mbao nne zilizoko Roma vilionyesha kwamba mti wa ubao mmoja ulikatwa kati ya 1493 na 1509, na mitatu iliyobaki ni ya karne ya 19. Umri wa mti si umri wa maandishi, kwa hiyo mimi hutazama anga mara mbili: 1500 na 1850. Tahadhari: kabla ya Oktoba 1582 programu hii hutumia kalenda ya Julius, kwa hiyo tarehe ya Juni 1500 iko nyuma kwa siku 10 ukilinganisha na kalenda yetu.

Amua mapema unamaanisha kuzuka kupi. Wazee wetu waliposema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, walijua wanatazama nini. Kilimia hicho hicho, Matariki kwa Warapanui, huonekana kwa mara ya kwanza alfajiri mwezi Juni, na huchomoza jua linapotua mwezi Novemba. Asiyetaja ni kupi atapata jibu kwa vyovyote vile.

Kuhusu pembe, mwaka 1500 Matariki ilichomoza kama nyuzi 64 na nusu kutoka kaskazini. Leo ni karibu 63, kwa kuwa mhimili wa dunia unayumba. Jua la Juni 21 huchomoza kwenye nyuzi 63 na nusu. Tautoru, zile nyota tatu za mshipi wa Orion, huchomoza karibu mashariki kamili, palipo na jua la Machi na Septemba. Kwa hiyo mtu akikuambia jukwaa fulani la mawe linaelekea Matariki na ubao unathibitisha, mwulize amelitenganishaje na jua.

Baada ya hapo andika utabiri wako kwa wino, na tarehe, kabla hujagusa ubao mwingine. Mfano: "Ikiwa alama hii ni kuzuka kwa Matariki alfajiri, basi kati ya kuonekana kwake mara mbili kutakuwa na vipindi 12 au 13 vya mwezi." Matariki huzuka alfajiri mara moja kwa mwaka, kwa hiyo dai linalotaka izuke mara nne ndani ya mwezi mmoja wa Mamari lifute papo hapo.

Kisha nenda kwenye mbao H, P na Q. Boris Kudrjavtsev, mwanafunzi wa Leningrad kabla ya vita, aligundua kwamba zote tatu zimebeba maandishi karibu yaleyale. Zinasaidia sana kuona alama ipi hubadilishana na ipi, lakini usizihesabu kuwa mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja aliyenakiliwa.

Maelezo ya Metoro, Mrapanui aliyemwimbia Askofu Jaussen mbao nyingine kadhaa kule Tahiti, yaweke kando. Alitaja zaidi sura za alama kuliko kuzisoma. Waliojua kusoma walichukuliwa na wafanya biashara ya utumwa kutoka Peru mwaka 1862 na 1863, na ndui ikamaliza wengi waliobaki. Kufikia 1877 kisiwa kizima kilikuwa na watu 111. Kwa hiyo hakuna mzee wa kutusahihisha tukibuni, na tunawadai watu wale uangalifu.

Mwisho, chagua alama nyingine inayojitokeza mara nyingi sawa na yako, isiyofanana na nyota hata kidogo, ndege kwa mfano, uipitishe kwenye utabiri uleule. Ndege akifaulu kama nyota yako, lifute dai, uandike kwa nini, uende kwenye alama inayofuata.