Jemu nzito ya matufaha, kwa mtindo wa Waamishi wa Lancaster

Kabla hujashika kisu, tafuta watu. Waamishi, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani, tunaoishi nao huku kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani, hawaipiki jemu hii kwa upweke. Usiku wa kuamkia siku yenyewe ndugu na majirani hukutana kumenya matufaha na kuyakata vipande, wanavyoviita schnitz. Kesho yake sufuria kubwa ya shaba hubandikwa nje kwenye moto wa kuni, na watu wakapokezana kukoroga kutwa nzima. Kwa sufuria ya nyumbani, watatu mnatosha. Na usijione msaliti ukiwasha gesi: wao hawaungi umeme wa gridi, lakini gesi ya mtungi wengi wanapikia.

Subiri msimu wa kuchuma, Septemba na Oktoba. Mimi huchanganya aina mbili za matufaha: Stayman, ambayo ina ukali mzuri, na McIntosh, inayolainika upesi. Kwenye vibanda vyao vya barabarani ulizia yenye makovu. Ni rahisi zaidi, na kovu utalikata. Ila usiende Jumapili, maana hawauzi.

Anza na lita 2 za juisi ya tufaha iliyokamuliwa bila kuchujwa. Ichemshe bila kifuniko mpaka ibaki nusu. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayobeba utamu wote. Kisha tia kilo 4 za matufaha yaliyomenywa na kutolewa kokwa, kidogo kidogo, kila fungu likilegea ndipo uongeze lingine.

Sasa kazi ni mwiko. Wao hutumia ubao wenye matundu uliopachikwa kwenye mpini mrefu, ili mkorogaji akae mbali na moshi na matone ya moto. Wewe chukua mwiko wa mbao wenye ncha bapa unaokwangua chini kabisa. Zungusha mara mbili ukingoni, mara moja pitisha katikati, rudia. Punguza moto rojo likianza kuruka, kwa sababu linaunguza mkono vibaya. Saa tatu au nne zitapita. Rangi itatoka manjano, iwe ya kahawia, kisha nyekundu ya udongo.

Sukari, gramu 500 ya kahawia, ingoje mwishoni. Ukiitia mapema itashika chini. Pamoja nayo weka vijiko 2 vya chai vya mdalasini na nusu kijiko cha karafuu ya unga. Waamishi wengine hutia zaidi. Mimi karafuu ikizidi huhisi nimekula dawa ya jino.

Kujua imeiva, dondosha kijiko kimoja kwenye sahani baridi. Maji yakijitenga pembeni, endelea kukoroga. Ikikaa kama kilima bila kuvuja, epua.

Jaza ingali ya moto kwenye chupa za kuhifadhia zilizochemshwa, ukiacha sentimita moja juu. Futa mdomo, funga, kisha zitumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika 10. Utapata chupa nne au tano za nusu lita, na waliomenya wapate zao kwanza. Zilizofungwa vizuri zinakaa kabatini mwaka mzima, iliyofunguliwa iende kwenye friji.

Chupa ya kwanza iliwe siku hiyohiyo. Kata mkate, pakaza jibini laini nyeupe yenye chengachenga, halafu jemu juu yake, kama wenyeji wa huku.