Jinsi ya kuelea juu ya paa ukianua nguo

Picha tutakayotengeneza ni hii: niko juu ya paa la fleti mtaani Umoja, Nairobi, miguu haigusi sakafu, beseni liko kiunoni, na mkono mmoja unaanua shuka kwenye kamba. Uso hauna wasiwasi wowote, kana kwamba kuelea ni kazi ya nyumbani kama nyingine. Hakuna waya, hakuna akili unde. Kuna stuli, kamera isiyotikisika na picha mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine. Wengi hudhani ujanja wote uko kwenye kompyuta. Kompyuta hunichukua dakika 40. Kupanga na kupiga hula asubuhi nzima, na ukikosea huko hakuna programu itakayokuokoa.

Natumia kamera ya mtumba na lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Simu inatosha pia. Utahitaji stendi ya miguu mitatu, na stuli ndefu. Yangu huiazima kwa mama wa chapati pale chini. Kwa kuunganisha, Photopea hufunguka ndani ya kivinjari bila malipo na hufanyia kazi kwenye mashine yako mwenyewe, kwa hivyo haili bando kupakia picha. GIMP ni ya bure vilevile.

Hatua ya 1: Ichore

Kalamu na daftari. Chora paa, kamba, mwili, kisha weka alama mahali stuli itakaposimama. Kuhusu wazo lenyewe nina msimamo: mabawa, miezi mikubwa na moshi wa rangi vimenichosha. Ajabu hushika zaidi ikikalia kitu ambacho kila mtu anakijua, kama mtungi wa maji, kiti cha matatu au beseni la nguo.

Na kama unaona haya kujipiga picha mwenyewe, mkumbuke mpiga picha Samuel Fosso. Alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Filamu iliyobaki baada ya wateja aliimalizia kwa kujipiga mwenyewe, na picha nyingine akamtumia bibi yake Nigeria.

Hatua ya 2: Chagua saa, na umwambie keateka

Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hivyo adhuhuri jua hukaa karibu utosini. Macho yanakuwa mashimo na kivuli kinajikunja chini yako. Mimi hupiga kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Jua likiwa chini, kivuli huanguka mbali na mwili, na ule mwanya kati ya vidole vya mguu na kivuli ndio unaomwambia mtazamaji kwamba huyu yuko hewani. Mawingu ya Julai ni rahisi zaidi kwa anayeanza, maana vivuli karibu havipo, lakini kuelea kwenyewe kunapungua nguvu.

Keateka mwambie jana yake. Mara ya kwanza sikumwambia. Alipanda ngorofa tano akihema, akanikuta nimesimama juu ya stuli nimenyoosha mikono, akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya chini kabisa, “Dada, shuka polepole tuongee.” Ilibidi nimwonyeshe picha kwenye kamera ndipo akakaa chini kupumua. Tangu siku hiyo stuli yangu haikaribii ukingo, huwa mita tatu au zaidi, na yeye huja kunishikia beseni.

Hatua ya 3: Ifunge kamera

Nasema ifunge kwa maana zote. Juu ya paa kuna upepo, kwa hiyo ning'iniza mtungi wa lita tano wenye maji katikati ya stendi. Ishushe kamera mpaka usawa wa goti. Ukiwa chini, hata nusu mita ya hewa inaonekana kama mbili.

Kisha weka hali ya M, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe. Asubuhi yenye jua huanzia hapa: tundu la lenzi f/8, kasi 1/250, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 200, halafu narekebisha kwa macho. Rangi ya mwanga isiwe ya kujichagulia, weka ile ya jua. Simamisha ufagio pale utakapokuwa, lenga juu yake, kisha sogeza swichi ya lenzi kutoka AF hadi MF ili isilenge tena. Kama lenzi ina kituliza mtikisiko, kizime. Kwenye simu nyingi, bonyeza skrini kwa muda na mwanga na fokasi vitajifunga.

Hatua ya 4: Piga

Kwanza paa tupu, bila wewe wala stuli. Kisha panda. Weka taima ya sekunde 10 na upige mara nyingi. Mimi hufika 30 kabla ya kupata moja ninayoiamini.

Mwili ndio huwasaliti wengi. Anayesimama juu ya stuli huonekana amesimama juu ya stuli, hata ukiifuta. Weka goti moja tu juu ya stuli, mguu mwingine uache nyuma, na vidole vielekee chini. Gauni nalo lisikalie ubao, kwa sababu litabeba umbo la ukingo wake na mtu ataliona. Likunje juu kidogo, kisha piga picha nyingine ukilirusha kwa mkono ili upate pindo linalopepea, utalibandika baadaye.

Usitundike nguo nyuma ya miguu ya stuli. Shuka hupepea na halitafanana katika picha mbili. Mwishoni piga tena paa tupu, kwa sababu jua halisubiri: nusu saa tu na vivuli vya kamba vimehama.

Hatua ya 5: Unganisha

Weka picha tupu chini, na yako juu yake kama tabaka la pili. Ongeza maski, yaani pazia la kuficha sehemu za picha, kwenye tabaka la juu, chukua brashi nyeusi, paka juu ya stuli. Inapotea, na sakafu iliyo nyuma yake inajitokeza. Futa stuli tu, usiguse mandhari mengine. Nguo zote za kambani zitoke kwenye picha ile ile yenye mwili wako. Karibu na goti kuza hadi asilimia 200 na utumie brashi ndogo yenye ukingo mgumu kiasi. Ukizidisha, bonyeza X upate nyeupe na urudishe.

Sasa kivuli. Futa cha miguu ya stuli, cha mwili kiache. Kiko mahali sahihi tayari, kwa sababu ulikuwa hewani kweli! Ndiyo maana sishauri mtu kujisogeza juu zaidi kwenye kompyuta: mwili utapanda na kivuli kitabaki. Ukitaka kwenda juu, tafuta stuli ndefu zaidi.

Rangi zirekebishe mwisho kabisa, tabaka zote kwa pamoja.

Hatua ya 6: Isambaze

Hifadhi faili lenye tabaka, kisha toa nakala ya JPEG yenye rangi za sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida mtandaoni. Kwa Instagram natumia upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1350. WhatsApp huibana picha. Ukiituma kama dokumenti ubora unabaki, lakini data za mahali ilipopigwa nazo zinaweza kubaki, kwa hiyo zima GPS ya kamera kabla hujapiga. Kagua kamba pia. Nimewahi kusambaza picha nzuri sana yenye nguo ya ndani ya jirani pembeni, nikaifuta baada ya dakika nne, na bado alikuwa ameshaiona.

Andika wazi kwamba ni picha ya kuunganishwa. Ya kwanza sikuandika, na shangazi alinipigia simu usiku kutoka Machakos akiuliza ni majini gani haya nimeingilia. Siku hizi naweka picha mbili: ya kwanza naelea, ya pili niko na stuli, na keateka ameshika beseni. Shangazi huanza na hiyo ya pili.