Namna ya Kufuatilia Mlipuko wa Maradhi Katika Ngamiani ya Zamani

Anayetaka kujua jinsi ndui au homa ya papasi ilivyoenea Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, asianze kwa kuhesabu waliokufa, bali aanze na nyumba. Kwa kila mgonjwa anayetajwa katika nyaraka, andika alikokuwa akilala, siku alipoanza kuugua, alikotoka na nani alimuuguza. Jumla ya vifo huonyesha ukubwa wa msiba, lakini haisemi maradhi yalipitia wapi.

Kumbukumbu za utawala wa Wajerumani zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na kwa kuwa nyingi ziliandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani, mtafute mapema mtu anayeusoma. Pitia pia gazeti la Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga kuanzia 1904, vitabu vya mazishi vya makanisa, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Katika barua hizo ndipo tarehe huwapotosha wengi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku 11 hivi, hivyo kila tarehe igeuzwe peke yake. Isitoshe, kwa hesabu ya pwani siku huanza jua linapokuchwa: barua ikisema mtu alishikwa na homa usiku wa Ijumaa, maana yake ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Ukikosea hapo, wagonjwa wawili wa nyumba moja wanaweza kubadilishana nafasi, na aliyetangulia kuugua akaonekana wa pili.

Tarehe zikishanyooka, chora ramani. Kwa ndui, ambayo hupita kutoka kwa mtu hadi mtu, rudi nyuma siku 10 hadi 14 tangu homa ilipoanza, ukiuliza mgonjwa alikuwa wapi: msibani, harusini, katika jahazi lililotia nanga, au kwenye kazi za reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911. Homa ya papasi husomwa vingine. Robert Koch alithibitisha mwaka 1905, humu Afrika Mashariki, kwamba huenezwa na papasi, mdudu ajifichaye katika nyufa za sakafu na kuta za udongo na kutoka usiku. Basi ukiona wageni wasiojuana wakiugua kwa nyakati mbalimbali baada ya kulala nyumba ileile, huku majirani wakiwa wazima, ishuku nyumba kabla ya kuwashuku watu.

Daftari likiandika "homa" tu, nakili "homa". Usiifanye malaria kwa sababu ilikuwa masika.

Nyumba isiyo na mgonjwa katika orodha usiitie sifuri. Familia zilikuwa na sababu za kumficha mgonjwa wao, maana kutengwa kulimwondoa mikononi mwa ndugu zake. Iandike "haijulikani". Orodha za kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa 1898, zikipatikana zitakusaidia kujua kila mtaa ulikuwa na nyumba ngapi. Bila hesabu hiyo, mtaa wenye watu wengi utaonekana mgonjwa kuliko mingine.

Ramani utakayoitoa hadharani ioneshe mitaa, wala si majina au nyumba mojamoja, kwa kuwa wajukuu wa wagonjwa hao huenda bado wanaishi humo.