Kabla hujachanganya polima na udongo, chora grafu hii kwanza

Ukipita Bahi, Dodoma, kiangazi utakuta mbuga imepasuka mpaka unyayo unazama, mvua ikinyesha nyufa zote zinajifunga. Udongo wa namna ile umebeba smektaiti, aina ya madini ya mfinyanzi: mabamba ya unene wa nanomita 1 hivi yamepangana kama chapati, maji yanaingia katikati yanayatanua. Sisi tunaochanganya udongo na polima (yaani plastiki, kama polithini) ili gesi isipenye kirahisi, tunataka polima ndo iingie pale.

Sasa molekuli ya polima ni mnyororo mrefu, ukiubana kwenye upenyo unakosa uhuru wa kujikunja, yaani entropia inashuka, na hiyo ni gharama lazima kitu kingine kiilipe. Fungua Excel, safu ya kwanza weka nafasi kati ya mabamba, panda kidogo kidogo, na kwa kila nafasi andika vitu vitatu: hasara ya mnyororo kubanwa, faida ya mikia mirefu ya chumvi ya amoniamu tunayoiweka kati ya mabamba mahali pa sodiamu ya udongo (ikipata nafasi inacheza vizuri zaidi), halafu nishati ya polima kugusana na bamba na mikia. Jumlisha, halafu chora jumla hiyo dhidi ya nafasi, hiyo ndo grafu yenyewe. Joto liwe kwa kelvini jamani, 200°C ni 473, wengi wanakosea hapo.

Watafiti Vaia na Giannelis walipiga hesabu ya hivi 1997, na kitu nnachokipenda ni kwamba mwanzoni hasara na faida zinakaribia kufutana, kwa hiyo anayeamua ni kule kugusana. Mikia ikishanyooka yote basi faida yake imeisha, ila hasara bado ipo.

Mstari wa jumla ukipanda tu, polima na udongo haviingiliani, ndo yanayokukuta ukimwaga udongo wa sodiamu mtupu kwenye polithini. Ukishuka ukatulia kwenye bonde, polima imeingia ila mabamba bado yamepangana. Ukishuka bila kusimama, yanaachana kabisa. Usiweke mvuto mkubwa kupita kiasi kati ya polima na bamba ukashangilia, kwa sababu mnyororo mmoja unaweza kushika mabamba mawili ukawa gundi, na grafu hii haionyeshi muda.

Kuachana kuna faida gani? Chukua fomula ya Nielsen ya gesi kupenya, bamba la upana wa nanomita 100, unene 1, ujazo wa udongo asilimia 2: 0.98 gawanya kwa (1 + 50×0.02), ile 50 ni upana gawanya kwa unene mara mbili, unapata 0.49 ya polima tupu, gesi imepungua nusu. Yakibaki bunda la mabamba kumi, ile 50 inakuwa 5, unapata 0.89, na udongo ni uleule.