Somo: Masta ya elimu kwa njia ya mtandao ukiwa bado unafundisha

Walimu wenzangu, shahada yangu ya uzamili niliisoma nikiwa na vipindi 24 kwa wiki na watoto wawili nyumbani. Naandika kwa mwalimu aliye mbali na mji anayedhani masta ni ya walioko Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Hakiki chuo kabla ya kulipa hata shilingi. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, na kina vituo mikoani. Ukivutiwa na chuo cha nje, iulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada yake inatambulika, upate jibu la maandishi.

Hatua ya 2: Angalia GPA yako, yaani wastani wa alama zako za shahada ya kwanza. Kwa kawaida wanataka kuanzia 2.7. Ikiwa chini ya hapo, uliza kuhusu kupitia stashahada ya uzamili.

Hatua ya 3: Mwandikie mwajiri, hata kama hutaondoka kituoni. Barua ipitie kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala ubaki nayo. Mwenzangu alimaliza bila kibali, akahangaika sana cheti chake kiingie kwenye faili.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya saa. Masta ni krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800! Kwa saa 15 kila wiki utatumia wiki 120. Mimi niliamka saa kumi alfajiri nikasoma hadi saa kumi na mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi nikasoma kwa muda wa saa tano. Waambie wa nyumbani mapema. Bila wao ratiba hiyo haisimami.

Hatua ya 5: Bando. Ukifika penye mtandao mzuri, pakua notsi zote kwa mkupuo.

Hatua ya 6: Tasnifu, yaani andiko la utafiti wako. Hapa ndipo wengi hukwama, tena waliofaulu kozi zote vizuri. Chagua mada muhula wa kwanza, itoke kwenye tatizo unaloliona kila siku. Mimi nilichukua utoro wa kidato cha pili msimu wa kilimo, na kila kazi ya kozi iliyoniruhusu kuchagua niliielekeza huko, hivyo nilipofika kwenye pendekezo la utafiti nusu ya usomaji nilikuwa nimeshaumaliza.

Siku pendekezo linapopita, omba barua ya kukusanya data. Itatoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke hadi halmashauri ndipo ifike shuleni. Ikikukuta Desemba, shule zimefungwa na umepoteza mwezi mzima. Jambo jingine, na hili nalisisitiza: usiwahoji wanafunzi unaowafundisha mwenyewe. Mtoto hawezi kumkatalia mwalimu wake. Nenda shule ya jirani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa msingi, Kasulu: Shikamoo mwalimu. Nina diploma ya ualimu, naweza kuingia masta moja kwa moja?
Jibu: Marahaba. Hapana, anza na shahada ya kwanza. Nayo inasomeka ukiwa kazini.

Mwalimu wa sekondari, Lindi: Msimamizi wangu hajanijibu miezi miwili. Nifanye nini?
Jibu: Pole, kaka. Usimtumie tena sura nzima na "naomba upitie". Mtumie kurasa chache na swali moja mahususi, kwa mfano, "Je, sampuli hii inatosha?" Wiki mbili zikipita kimya, mwandikie tena kwa heshima na nakala impate mratibu wa uzamili. Tunza tarehe zote. Utazihitaji ukiomba kubadilishiwa msimamizi.

Mwalimu wa sekondari, Njombe: Nimedahiliwa, ila nina ujauzito wa miezi mitano. Niache?
Jibu: Hongera, dada! Usipotee kimyakimya, maana ada na usajili wako vitaingia utata. Kaulize kwenye kituo cha chuo utaratibu wa kuahirisha masomo, uombe kwa maandishi kabla muhula haujaanza. Ukiona una nguvu, uliza kama unaweza kuanza na kozi moja tu, ile nyepesi kwako.