Somo: Ukichomeka ekstenali tu kompyuta inaleta kioo cha bluu, anzia hapa

Wakuu habari za jioni. Hili tatizo nakutana nalo sana, mtu anachomeka ekstenali (diski ya nje ya kuhifadhia vitu), ule mlio unasikika, sekunde mbili tatu paap kioo cha bluu (Windows imeanguka, inaonyesha kosa), akienda kwa fundi anaambiwa tupige Windows upya. Msikubali haraka hivyo, unaweza kurudi nyumbani na tatizo lilelile na vitu vyako vimeshafutika.

Kwanza tujue mkosaji nani. Ekstenali ichomeke kwenye mashine nyingine, halafu mashine yako ichomekee flashi yoyote nzima. Ekstenali ikiangusha mashine zote mbili, shida ni diski au waya wake. Kama mashine yako inaangushwa na kila kitu, ni poti, draiva (programu inayoendesha kifaa) au bodi.

Pili umeme, hapa ndo wengi wanapokwama. Poti ya USB 2.0 kwa kawaida yake inatoa miliampia 500, USB 3.0 ni 900, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikishatulia. Iweke sikioni kabisa, ukisikia tik, tik, kimya, halafu inaanza tena, ujue inajaribu kuzunguka inashindwa. Badili waya, weka mfupi, toa habu (kigawanya poti) isiyo na adapta yake, na kama ni desktopu tumia poti za nyuma maana za mbele zinapitia waya mrefu wa ndani. Mashine ikizima ghafla bila hata kioo cha bluu acha kujaribu, mulika ndani ya poti na tochi ya simu, pini iliyopinda ikigusa chuma inapiga shoti.

Tatu soma maneno ya kwenye kioo cha bluu. BUGCODE_USB_DRIVER, angalia draiva za USB. NTFS_FILE_SYSTEM, mpangilio wa mafaili kwenye diski umeharibika. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, kuna draiva inashindwa kulala na kuamka, nenda Power Options uzime USB selective suspend (Windows kulaza poti za USB ili kuokoa umeme). Kama kioo kinapita haraka, rekodi zinakaa C:\Windows\Minidump, zifungue na programu ya BlueScreenView, ni ya bure.

Kwenye draiva ingia Device Manager, View, Show hidden devices, futa vile vya USB vilivyofifia, ristati.

Chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) iwe ya mwisho jamani, KOPI VITU KWANZA. Nilishawahi kuipiga kwenye diski iliyokuwa inagonga, ikafia katikati na picha za harusi za mtu, mpaka leo inaniuma. Ikiwa Windows inaanguka kila ukiigusa, washa mashine kwa flashi ya Linux, mara nyingi inaisoma tu, hamisha vitu ndo urudi kutengeneza.

MASWALI

Swali: Mkuu mashine yangu inaganda kwenye logo nikiiwasha huku ekstenali imechomekwa, nikiitoa ekstenali inawaka poa.
Jibu: Hapo inajaribu kuwakia kwenye ekstenali. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), kwenye mpangilio wa kuwaka weka diski ya ndani namba moja.

Swali: Chkdsk inaniambia diski ni RAW (haitambui mpangilio wake wa mafaili) na Windows inataka nifomati, nikubali?
Jibu: Usikubali kaka! Jaribu TestDisk kwanza, programu ya kuokoa diski, nayo ya bure, na unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, sio hiyohiyo.

Swali: Nimebadili waya imepona, ule wa zamani nichajie simu?
Jibu: Ukate uutupe, usije ukausahau ukauchomeka tena kwenye diski.