Pima Mtaa Wako Kabla Jengo Jipya Halijapanda

Kiwanja kikishazungushiwa mabati, watu huuliza jengo litakuwa na ghorofa ngapi. Mimi kazi yangu ni kusoma ramani za majengo, na swali hilo huliweka nyuma. Mpita njia hakutani na ghorofa ya kumi na tano. Anakutana na mita nne za chini za ukuta, na kivuli, upepo, maji na mti vinavyomfikia pale alipo. Hivyo ndivyo vya kupimwa, na vipimwe sasa, maana jengo likishasimama kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake ya mtaa ulivyokuwa.

Anza na picha. Simama mahali utakapoweza kurudi bila kubahatisha: kando ya nguzo ya taa, juu ya mfuniko wa chemba, kwenye kona ya ukuta. Piga kwa kimo cha macho, asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha rudi mvua inaponyesha. Andika tarehe na saa. Nyufa zilizopo kwenye kuta za majirani zipige pia, ukiweka rula kando yake. Kuchimba msingi na kushindilia udongo hutikisa ardhi, na ubishi wa ufa upi ulikuwepo tangu zamani hauishi bila picha yenye tarehe.

Halafu omba ramani. Katika miji mingi maombi ya kibali cha ujenzi huweza kukaguliwa na wananchi, na miradi mikubwa huambatana na tathmini ya athari kwa mazingira. Ile picha ya kompyuta yenye anga safi na miti mikubwa iweke kando. Fungua mchoro wa sakafu ya chini, uhesabu milango inayofunguka mtaani. Msanifu majengo wa Denmark, Jan Gehl, pamoja na wenzake, huuhesabu mtaa kuwa hai ukiwa na milango 15 hadi 20 katika kila mita 100. Ikibaki miwili au pungufu, wanauweka katika daraja la mwisho. Hesabu iliyopo leo, kisha ile iliyochorwa.

Ukiwa bado kwenye mchoro huo, tafuta geti la magari, chumba cha jenereta, chumba cha transfoma, chumba cha taka na matundu ya hewa ya maegesho ya chini ya ardhi. Nimeona michoro ambayo upande wote unaotazama barabara umejaa vitu hivyo tu, mlango wa watu ukiwa mmoja pembeni. Jengo la ghorofa nne la namna hiyo huuharibu mtaa kuliko la ghorofa ishirini lenye milango, madirisha na baraza chini. Inaniuma kuona majirani wakipigania ghorofa mbili za juu zipunguzwe, wakafanikiwa, na ule ukuta mtupu wa chini ukabaki hakuna aliyeugusa.

Urefu nao una mambo yake. Kwa kivuli, simamisha wima fimbo ya mita 1 kwenye ardhi tambarare. Kivuli chake kikiwa mita 1.5, jengo la mita 30 saa hiyohiyo litatupa kivuli cha mita 45. Rudia kwa saa tofauti na katika majira tofauti ya mwaka, uchore kwenye ramani ya mtaa. Kisha uliza kivuli kinamwangukia nani. Kwenye njia ya miguu yenye jua kali ni neema. Kwenye uwanja wa watoto wa sehemu ya baridi, au juu ya sola za jirani, ni hasara. Mwaka 1916 New York ilipata sheria ya kuyalazimisha majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, muda mfupi baada ya Equitable Building, lililokamilika 1915, kupanda wima toka ukingoni mwa njia na kuwatia majirani kivulini.

Upepo ukigonga uso mpana wa jengo refu, sehemu yake hushuka hadi chini na kuongeza kasi kwenye kona. Leeds, Uingereza, mwaka 2011 mtu alikufa baada ya lori kupinduliwa na upepo karibu na jengo la Bridgewater Place. Omba ripoti ya upepo, na uangalie kama kuna kivuko cha miguu au kituo cha basi karibu na kona. Vioo navyo viulizie: London mwaka 2013, uso uliopinda wa 20 Fenchurch Street ulikusanya miale ya jua ikayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi, na hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kiwanja cha mita za mraba 800 kikipata mvua ya milimita 20, ni lita 16,000. Kikiwa na udongo na majani, sehemu kubwa huweza kuzama. Kikiwa paa na zege, karibu yote hutoka, tena kwa haraka, kuelekea mtaro uleule. Kwa hiyo tafuta kwenye mchoro: tangi la kuvunia mvua liko wapi? Kuna shimo la kunyonya maji? Usawa wa kiwanja umeinuliwa juu ya barabara? Ukiinuliwa, maji yatamfuata jirani wa chini.

Mti ulio karibu upime mzingo wa shina kwa futi kamba, kwenye kimo cha mita 1.5, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Kiwango kinachotumika Uingereza hulinda mizizi kwa nusu kipenyo cha duara kilicho mara 12 ya kipenyo hicho: shina la sentimita 40 linadai mita 4.8 kila upande. Ndani ya duara hilo pasichimbwe, pasirundikwe kokoto, malori yasipite. Udongo ukishagandamizwa mizizi hukosa hewa, na mti unaweza kufa miaka kadhaa baadaye, wakati mkandarasi ameshaondoka.

Barua yako ya maoni iwe fupi na iombe mabadiliko yanayochoreka: milango minne zaidi upande wa barabara, chumba cha transfoma kihamie nyuma, tangi la kuvunia mvua, uzio kuzunguka mti kabla ya mashine kuingia. Ambatanisha picha na hesabu. Jengo likikabidhiwa, rudi kwenye zile alama zako upige tena. Mikataba mingi humbana mkandarasi kurekebisha kasoro kwa miezi kadhaa baada ya makabidhiano, hivyo njia iliyobomolewa au mtaro uliozibwa uripoti mapema, ndani ya muda huo.